Upana wa Chumba

"Mashua haiuzwi," alisema Mwanalima. "Ukishaiuza tutavua na nini, na kuta?"

"Na wewe unataka watu waseme tumemwoza mtoto katika banda la kuku?" mumewe alimjibu.

Chumba cha binti yao kilipaswa kuongezwa kabla ya harusi. Fundi alikwisha piga hesabu: boriti ndefu za paa hazipatikani hapa Chovae, sharti ziletwe kutoka Kismayu, na bei yake ni mashua nzima.

Mwanalima aliinamia boriti fupi walizoachiwa na marehemu baba yake. Aliweka kiwiko kwenye ncha ya mojawapo, akaipima mkono kwa mkono, gome kavu likimkwaruza ngozi. Sita. Akapima upana kati ya kamba fundi alizovuta chini kuonyesha mahali pa kuta. Saba.

"Fundi, saba ya nini?"

"Bwana ndiye aliyetaka, mama. Kitanda kikae kwa upana."

"Kitakaa kwa urefu. Chumba cha mikono mitano, hizi zitafika?"

"Zitafika, na ncha zitashika kuta zote mbili."

"Na urefu je?"

"Urefu twende mpaka kisimani ukitaka. Boriti ziko tele."

Mumewe alishusha pumzi ndefu, akaketi juu ya rundo la mawe kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kwani mimi nilipenda kuiuza?" alisema.

Mwanalima alikwisha ng'oa vigingi viwili vya kamba ya upande mmoja. Akavisogeza ndani mikono miwili, akaokota jiwe, akavigongomea.