Lafudhi ya Bibi wa Meza ya Tisa

Dena alitega sikio kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu hakuambulia kitu.

Bibi wa Kizungu aliyeketi meza ya tisa alikuwa amesema sentensi nzima, polepole, akimtazama usoni. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kila neno lilianza kwa kishindo kisha likafifia, na mengine yalikwama kooni yasitoke. Dena akatabasamu, akamjibu kwa Kijerumani chake bora kabisa, "Ndiyo, bibi, bila shaka," akaenda kumletea kahawa.

Bibi aliitazama ile kahawa. Kikombe cha kwanza kilikuwa bado kimejaa.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nne, na hoteli za Malindi zilifurika Wajerumani. Dena, mwenyeji wa Matsangoni, alikuwa amehudumia meza miaka kumi na mmoja kwa Kiingereza cha kubabaisha. Mkewe Nyevu alipofariki, na watoto wakashika njia zao Mombasa, alinunua kinasa sauti kikuukuu na kanda sita za kujifunza Kijerumani. Mchana, zamu ikikatika, alijifungia katika chumba chake cha kupanga huko Maweni, akamsikiliza mwanamume wa kwenye kanda akiuliza njia ya kwenda stesheni, naye akamwelekeza. Zilikuwapo siku ambazo, nje ya kazi, hakuna mwingine aliyemuuliza lolote.

Kwa wageni wengine kanda zilimfaa. Meza ya sita waliagiza mayai, akaleta mayai. Ila bibi huyu, aliyekuja peke yake na kula peke yake, alimshinda.

"Shikamoo, baba Dena," Kaltuma wa mapokezi alimwamkia siku ya nne. "Mbona uso umekunjamana?"

"Marahaba, mwanangu. Ni yule bibi wa meza ya tisa. Hivi wewe humwelewa?"

"Bi Ursula? Namwelewa, ila kwa kutega sikio. Ni Mswisi yule. Kijerumani chao huwapiga chenga hata Wajerumani wenyewe."

Dena alishukuru, lakini moyoni aliumia. Binti wa juzi anaelewa. Basi mabovu ni masikio yake mwenyewe. Mchana huo alirudia kanda zote sita. Kesho yake alidaka sauti moja mbili mezani, akaenda kuzisaka katika kamusi ndogo ya Kijerumani. Hakupata hata moja.

Siku ya sita bibi aliweka picha mezani. Mwanamume mwenye masharubu, amesimama mbele ya nyumba iliyofunikwa theluji. Akasema maneno mengi kuliko siku zote, kisha akamngoja.

Dena aliona kwamba hili si jambo la kahawa. Alitamani kumwambia kuwa naye anayo picha chumbani, ya mwanamke aliyevaa leso ya maua, na kwamba huiamkia kila asubuhi. Lakini kama ameelewa vibaya je? Na katika kanda zake zote hakuna aliyewahi kufiwa.

"Nzuri sana, bibi," akasema kwa Kijerumani. "Asante sana."

Bibi akairudisha picha mkobani, taratibu.

Tangu siku hiyo hakumsemesha tena. Alinyoosha kidole kwenye orodha ya vyakula, akala, akaondoka. Dena aliendelea kusimama karibu na meza ya tisa kuliko kazi ilivyotaka, maneno ameyapanga kichwani, akingoja amsemeshe hata mara moja tu. Hakumsemesha.

Jumamosi alikuta meza tupu. Gari la kupeleka wageni uwanja wa ndege lilikuwa limekwisha kuondoka. Kaltuma alimkabidhi bahasha.

"Kakuachia wewe. Kasema nikupe mkononi mwako."

Dena akaenda nayo nyuma ya jiko, akaketi juu ya kreti la soda. Akatoa kamusi mfukoni, akaiweka gotini tayari, ndipo akaifungua barua. Mwandiko ulikuwa safi, kama wa mwalimu. Akasoma, akarudi juu, akasoma tena.

"Bwana Dena, samahani kwa kukusumbua. Mume wangu alipokufa nilijifunza Kiswahili miaka miwili, peke yangu, kwa kitabu tu, ili nipate mtu wa kuzungumza naye hapa. Kwa wengine niliona haya. Wewe una uso wa upole. Siku sita nilikusemesha, na kila mara ulinijibu kwa Kijerumani, kwa adabu sana, mpaka nikaelewa kwamba hutaki."