Picha za Mwisho za Kambi ya Madebe

"Usipige kwanza!" Bibi kizee Wamuyu alipiga kelele, akarudi ndani mbio kutafuta meno yake.

Kiende aliishusha kamera, akangoja. Asubuhi nzima ilikuwa hivyo. Kila aliposimama mbele ya nyumba, mwenyewe alichomoka na lake: huyu lazima avae koti la harusi, yule hataki picha bila jogoo wake. Mzee Njura alikuwa ameshapigwa picha milangoni pa nyumba tatu, zote akiapa ni zake.

Hakuwalaumu. Kambi ya Madebe ilikuwa mtaa mkongwe mjini Embu, nyumba za mbao zilizoezekwa kwa madebe yaliyopondwa, na leo ungebomolewa wote ili ghorofa zijengwe. Simu ilitetemeka mfukoni mwake. Kazini walikuwa wanamtafuta. Aliiacha itetemeke.

Wamuyu alitokea na meno yake, akayaonyesha yote. Kiende akapiga.

"Ulizaliwa hapa, Cucu?"

"Nikazaliwa hapa, nikaolewa hapo ng'ambo, nikaachana na yeye, nikarudi hapa. Sijawahi hata kukodisha mkokoteni wa kuhamia." Akamshika mkono. "Ingia unywe uji."

"Nimekunywa kwa jirani, Cucu."

"Huo ni wa jirani."

Ulikuwa uji wa wimbi uliochacha hadi ukakaribia kuongea. Kiende alikuwa ameunywa nyumba kwa nyumba, maana utamkataliaje uji mtu ambaye jioni hatakuwa na jiko? Alikunja uso, akameza, akasifu. Akaongezwa.

"Wakili wetu yuko kortini," Wamuyu alimweleza. "Anatafuta amri ya kusimamisha hii maneno. Akiipata kabla tingatinga halijawashwa, tumepona."

"Na akichelewa?"

"Basi nyumba yangu itabaki kwa kamera yako."

Kiende aliinamisha macho kikombeni, akaumaliza uji wote.

Huko nje, tingatinga lilikuwa limeegeshwa mwanzo wa mtaa tangu jana, la manjano, safi kama bibi harusi. Msimamizi wa ujenzi, Runji, alilizunguka na simu sikioni.

"Huyu dereva ametumwa kutoka Meru ananicheza!" alifoka. "Inaita tu, hashiki! Wacha akuje. Hata sura yake siijui, lakini leo ataijua yangu!"

Wakazi waliposikia hivyo walipata nguvu mpya. Celina, mwenyekiti wa akina mama kanisani, aliwaamuru wote washikane mikono kulizunguka lile tingatinga. Wamuyu akamvuta Kiende kwenye duara. Hata Runji alivua kofia, kwa mazoea tu, kisha akakumbuka yuko upande gani, akaivaa tena.

"Bwana," Celina akaanza, macho kayafumba, "hatumwombei huyo dereva kifo."

"Hapana, Bwana," watu wakaitikia.

"Ni mtoto wa mtu."

"Ni wa mtu, Bwana."

"Lakini popote alipo saa hii, mpe tumbo la kuendesha! Mpe tumbo lisilojua kuketi! Akikaribia kiti cha hii mashini, liamke! Akigusa usukani, lipige kelele!"

"Amina!"

"Hadi wakili arudi, Bwana," Njura akachomekea. "Na wakili wetu hutembea polepole."

"Amina!"

Kiende naye alisema amina, kwa sauti ya chini. Kisha akasimama wima ghafla, kama mtu aliyeitwa jina lake. Tumboni mwake kukanguruma kwa nguvu, hadi Runji akageuka kutazama kama ni injini.

"Cucu," alinong'ona, akimsukumia Wamuyu kamera, kofia yake na ufunguo wa tingatinga, "choo kiko wapi?"