Kwa Kumbukumbu ya Mke wa Mwalimu

Kabla ya kuuliza vipimo, fundi aliuliza marehemu alikuwa anaitwa nani.

"Mwalimu hamtaji jina," mkunga alijibu. "Anasema likimtoka tu mdomoni, siku yake imeharibika. Tuandikie hivi: Kwa kumbukumbu ya mke wa mwalimu."

Fundi alivuta kigoda akakaa kando ya cherehani, sikio la kulia likimwelekea mteja, maana la kushoto lilishakufa siku nyingi. Upande huo kitambaa chake cha kichwa alikifunga chini kabisa, kama kawaida yake. Alikuwa akishona mavazi ya waendesha pikipiki: majaketi yenye sponji ngumu viwikoni, vikinga magoti, vizibao vya njano vinavyong'aa vikipigwa na taa. Hakuwa na mshono wa kulegalega, na wateja walimjua kwa hilo.

Mkunga alikuwa mgeni wa pikipiki na mgeni wa duka. Zahanati ilimpa pikipiki awafikie wajawazito wa mbali, kwa sharti kwamba amalize kwanza mafunzo ya wiki sita. Darasani walikuwa kumi na wawili, wanamaliza Jumamosi, na walitaka kumshtukiza mwalimu kwa vizibao vyenye maandishi mgongoni. Mkunga ndiye aliyependekeza waje huku. Tangu siku ya kwanza mwalimu aliwakataza duka hili, eti bidhaa zake ni mbovu, kwa hiyo hapa hawezi kuwafuma.

"Mbovu," fundi alirudia, akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

Akataka asimuliwe habari za huyo marehemu, na mkunga hakuhitaji kubembelezwa. Siku ya kwanza, alisema, mwalimu aliingia na kofia ngumu nyekundu iliyopasuka, akaiweka mezani bila hata salamu. Hii ni ya mke wangu, akawaambia. Mimi naendesha, yeye kakaa nyuma. Nikamwambia afunge mkanda wa kidevuni, akasema unamkaba. Alikuwa mkaidi sana. Tukateleza kwenye kona, kofia ikaenda huku, yeye akaenda kule. Darasa zima lililia, hata yule dereva wa lori aliyekuja akijifanya anajua kila kitu. Tangu hapo hakuna aliyewasha injini kabla ya kukaza mkanda na kuhakikisha vinapita vidole viwili tu.

"Imepasuka wapi hiyo kofia?"

"Hapa, kwenye paji."

"Na mwalimu mwenyewe, siku hiyo alivaa nini kichwani?"

Mkunga akafikiri. "Hilo hajawahi kulisema."

Fundi aliinama kutafuta uzi ambao alikuwa ameushika mkononi.

Kulikuwa na jambo jingine, na mkunga alilizunguka weee mpaka likamtoka. Mwalimu anataka kumwoa. Jumamosi, vyeti vikishagawiwa, anasubiri jibu lake. Moyo ulishasema ndiyo zamani, ila kichwa kilikuwa bado kinagoma. Mwanamume anayetokwa na machozi kila akiishika ile kofia, je, ana nafasi ya mwingine?

"Dada, hivi mtu unashindanaje na marehemu?"

Fundi alicheka, kicheko kifupi kisicho na raha. "Marehemu wengine wakaidi, mdogo wangu. Usimjibu mpaka vizibao vifike. Nitavileta mwenyewe."

Alipobaki peke yake aliweka kizibao cha kwanza chini ya sindano ya cherehani. Kifo hakikumuuma. Watu wanakufa kila siku. Kilichomkata maini ni huo ukaidi. Mwanamke azikwe, halafu atwishwe na lawama humo humo kaburini, na mwanamume mzima asimame mbele za watu kujifuta machozi huku anachagua mwingine. Huo ni usaliti, alijisemea, hauna jina jingine. Alishona vyote kumi na viwili, herufi moja baada ya nyingine, na alijidunga sindano mara tatu, yeye ambaye kwa miaka hakuwahi kujidunga.

Jumamosi asubuhi uwanja wa mafunzo ulikuwa umefagiwa, koni zimepangwa, mistari imepigwa chokaa upya. Wanafunzi walisimama mbele ya mwalimu, glavu mkononi, wamependeza. Mkunga alikuwa katikati na jibu lake limemjaa kifuani. Mwalimu aliinua kofia nyekundu ili awaage kwa kisa kilekile, na hawakuchoka kukisikia.

Fundi alikuja kwa nyuma, akapenyeza vizibao kimyakimya, mmoja akimpa mwenzake. Vikavaliwa. Mwalimu alipofika pale pa "nikamwambia afunge mkanda", mkunga alitoa ishara, na darasa zima likageuka kwa pamoja kumpa migongo asome.

Alisoma. Machozi yakaanza kumlengalenga, na safari hii hakuyatafuta.

Lakini kwa kugeuka, wanafunzi walijikuta wanatazamana na fundi. Alikuwa anafungua kitambaa cha kichwa, taratibu, kama mtu aliyefika kwake. Kovu lilianzia kwenye paji likashuka hadi nyuma ya sikio lililokufa, na njia yake yote nywele zilikataa kuota. Nyuma yao kitu kigumu kilianguka chini, kikabingirika mpaka miguuni mwa mkunga. Ilikuwa kofia nyekundu.

"Endelea kuwasimulia, baba watoto," fundi alisema. "Waambie siku ile hiyo kofia ilikuwa kichwani kwa nani."