Mimba ya Tusekile

Kwa sheria, mtoto njiti alihesabiwa kuwa bado yumo tumboni mpaka miezi tisa itimie. Kwa hiyo kazini Tusekile alikuwa mjamzito, na nyumbani, kwa kuwa hospitali haikulaza ambaye hajazaliwa, alikuwa na mtoto wa kilo moja na robo, aliyelazwa kwenye sanduku la joto na mrija wa hewa puani.

Ilikuwa wiki ya tatu sasa, akishinda kiwandani akishona sare, akirudi kukamua maziwa tone kwa tone huku akisinzia. Siku hiyo mama mkwe wake alimpigia simu akilia. Mtoto alikuwa ameacha kupumua mara mbili, naye alikuwa amemrudisha kwa kumsugua nyayo.

Tusekile alimwendea msimamizi wake. "Dada, naomba ruhusa. Mwanangu amezidiwa."

Msimamizi alitazama kompyuta, kisha akamsogezea kiti kwa upole. "Keti, mama kijacho. Hapa inaonyesha wiki thelathini na moja. Likizo ya uzazi utaipata ukishajifungua."

"Na akifa leo?"

"Tutaandika mimba imeharibika. Pole sana."

Tusekile aliondoka bila ruhusa. Nyumbani alimpakata mtoto kifuani, mrija ukiwa palepale puani, akaketi naye mlangoni.

Jirani aliyekuwa akipita alimsalimu. "Mimba inaendeleaje, shoga?"

"Anaitwa Lusajo."

Ambaye hajazaliwa hakuruhusiwa kupewa jina. Jirani aligeuza uso, akaharakisha kwenda zake. Lusajo akapumua. Tusekile, macho yakimwelemea kwa uchovu, akasubiri apumue tena.