Jina la Ndani

Siku hizi mtoto hapewi jina mpaka kromosomu zake, nyuzi za urithi ndani ya chembe za mwili, zipakwe rangi zing'aazo na kukaguliwa kama zina kasoro. Mwajabu alimpeleka bintiye mchanga zahanati. Kwenye skrini, kipande cha kijani kilikuwa kimeng'ang'ania kromosomu nyekundu.

"Kipande kimehama kutoka kromosomu nyingine, mama," muuguzi alisema kwa upole. "Mwenye kasoro kama hii hapewi jina."

"Lakini ananyonya vizuri, dada."

"Pole. Sheria ndiyo hiyo."

Nyumbani, mumewe Mhina alifunga madirisha, akamwita mtoto Tunu. Tangu hapo walimwita kwa kunong'ona, na jirani akipiga hodi walinyamaza.

Tunu alipokwisha kujua kukimbia, siku moja Mwajabu alijisahau, akamwita kwa sauti uani. Mtoto alimkimbilia akilia, akamziba mama mdomo kwa kiganja chake kidogo.