Kilo Kumi na Nne za Vaileth

Futi kamba ilizunguka nyonga za Vaileth, ikafika mbele, ncha ikakataa kukutana na mwenzake. Bwana Ndesanjo aliivuta mara ya pili, akihema kama mtu anayefunga gunia la kahawa.

"Dada," akasema, "mimi nachagua wanamitindo. Wapagazi wa mlimani wanachaguliwa ofisi nyingine."

Ukumbi mzima wa hoteli ukacheka. Waliocheka zaidi ni wale ambao hawajapimwa bado.

Ilikuwa miaka ile soko huria limefunguliwa, Arusha imejaa sabuni za kila rangi na mitumba ya kila mwili. Bwana Ndesanjo naye aliingia na shehena hiyohiyo kutoka Dar, amevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi, pengine kipaji chake kilikuwa kinamwakia machoni. Alitafuta wasichana wa maonyesho ya mavazi.

"Punguza kilo kumi na nne. Rudi baada ya miezi mitatu."

Vaileth hakuwa na shida na nguo za mtu. Alitaka kuonekana. Mama wa mpenzi wake Brayson, anayekaa Njiro nyuma ya ukuta wenye vipande vya chupa juu, alikwisha kusema posa haitakwenda Kijenge kwa binti asiye na jina. Basi jina litafutwe.

Akaacha mtori. Akaacha maziwa, akaacha hata chapati ya Jumapili baada ya ibada. Asubuhi alikunywa maji ya moto na ndimu. Jioni, ndimu na maji ya moto, asije akachoshwa na chakula cha aina moja.

Bibi yake, Anande, akateremka kutoka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani, akamkuta amejilaza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kitendawili."

"Tega."

"Mgeni wangu akiingia kwa maskini ni msiba, akiingia kwa tajiri ni urembo."

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Moshi. Arusha naihitaji mwenyewe."

"Nimekwenda Moshi, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Ni njaa, mjukuu wangu. Sasa inuka umenye ndizi."

Hakuinuka.

Mwezi wa pili mashavu yakaaga. Wa tatu, gauni la kipaimara likamwingia tena na nafasi ikabaki. Majirani wakawa wanashusha sauti akipita. Wivu, alijua. Mke wa mchungaji akaleta uji, akamwekea mkono kichwani na kusali sala ndefu bila kusema anaombea nini. Wivu umefika mpaka kanisani.

Siku ya siku, Bwana Ndesanjo akapima tena. Kiuno safi. Nyonga, inchi mbili zimezidi.

"Hiyo ni mifupa, kaka," Vaileth akasema.

"Basi ulipewa mingi."

Akatoka, akaketi kwenye ngazi za hoteli akilia. Hapo ndipo mama mmoja mwenye faili aliposimama mbele yake pamoja na mpiga picha. Akamtazama toka utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Hakutoa futi.

"Ndiye huyu," akamwambia mwenzake. "Wiki nzima tunamtafuta."

Aliitwa Ruth, na alihitaji sura ya tangazo. Picha ingebandikwa mkoa mzima.

"Hata Njiro?" Vaileth akauliza, akifuta machozi.

"Njiro, Kijenge, mpaka Oldonyo Sambu. Una moyo, mdogo wangu. Wenzako wote niliowaomba wanaogopa kuonekana."

"Mimi siogopi."

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nne. Akasaini zote bila kumchosha mtu kwa maswali.

Mpiga picha akakataa poda, akakataa hereni. Akampa kanga ya kujifunika mabegani, akamwambia asitabasamu, atazame chini. Vaileth hakushangaa. Kwenye magazeti ya Ulaya yanayofungiwa maandazi alishawaona wanamitindo: wote husimama kama waliofiwa.

Wiki mbili baadaye picha zikabandikwa. Jumamosi asubuhi akavaa gauni jipya na viatu vya kisigino, akaenda Njiro moja kwa moja, kwenye ukuta wa zahanati. Watu walikuwa wamejaa. Sura yake ilikuwa kubwa kuliko mlango, na mbele kabisa, miwani puani, alisimama mama yake Brayson.

Vaileth akapenya taratibu, akajiweka nyuma ya mama mkwe, akanyoosha shingo na kumsubiri amalize kusoma.

Mama alikuwa anasoma maandishi ya chini kwa sauti, kidole juu ya kila neno: "Nilidhani ukimwi ni wa wengine."