Siondoki Mpaka Ucheke

Unyoya wa kuku ulipita unyayoni mwa dada mtu, kutoka kisiginoni hadi vidoleni, na dada mtu akauliza kama mdogo wake ameshaanza.

"Nimemaliza," mdogo mtu akajibu.

Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi tangu ajali. Mdogo mtu ndiye aliyeendesha pikipiki, na dada ndiye aliyekaa nyuma akimsihi apunguze mwendo. Sikio la kufa halisikii dawa. Mdogo mtu aliinuka na mchubuko wa kiwiko. Mwenzake hakuinuka tena. Na huyo alikuwa mtu ambaye wauza viatu walishindwa kumvalisha, kwa jinsi alivyotekenyeka!

Mama mmoja wa hospitali, wa mazoezi ya viungo, aliwaeleza kwamba mwili huweka mlinzi pale unapoumizika upesi: shingoni, kwapani, mbavuni, nyayoni. Mtekenyo ndio huyo mlinzi. Akirudi yeye, na hisia nyingine zitafuata.

Basi mdogo mtu akaapa: "Siondoki humu ndani mpaka ucheke."

Kwa kiapo hicho aliikataa kazi ya kushona kiwandani, mji wa mbali. Shangazi yao alishahamia kuuguza, lakini wapi, binti hakubanduka. Akilala aliitamani ile kazi, akiamka alijichukia kwa kuitamani.

Kiwanda kikapiga simu mara ya mwisho: aripoti kesho, au nafasi apewe mwingine. Begi alilifunga, akalifungua, shangazi akalifunga tena.

Asubuhi walimlaza dada kifudifudi kama kawaida, mgongo upate hewa, uso kwenye mto. Shangazi akarudi jikoni. Mdogo mtu akapiga magoti mwisho wa kitanda, akafunua shuka.

Dada akaangua kicheko. Mabega yakamtikisika mpaka kitanda kikalia.

"Unyayo wa kushoto," akasema alipopata pumzi. "Mlinzi karudi, mdogo wangu. Haya, nenda, basi lisikuache."

Shangazi alitoka jikoni mbio, mikono ina unga, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mdogo mtu alimkumbatia dada yake, akalia shingoni mwake kama mtoto. Kisha akabeba begi na kutoka bila kugeuka nyuma.

Hakumwambia yeyote kwamba dada alipocheka, yeye alikuwa bado hajamgusa.